Maagizo kwa Chinduli, Nikiwa Ndanda

Chinduli, mwana wa dada yangu,
basi linaondoka alfajiri
na daktari hajasema siku ngapi,
kwa hiyo sikiliza. Usiandike, mwandiko wako hausomeki.

Maji mwekee kwenye sahani ya bati.
Ya plastiki ataitafuna aimalize,
kesho yake utafagia kinyesi cha buluu.
Najua, hapa Mahuta maji ni fedha.
Mimi naoga nusu ndoo ili yeye apate kikombe.

Chakula ni magharibi.
Asubuhi amelala, usimwamshie wageni.
Watoto watakuja na shilingi mia mia
wakitaka kuona anavyorusha miiba.
Waambie harushi. Hajawahi.
Inamdondoka tu, kama nywele zangu mwaka huu,
na anayechomwa ni aliyemsogelea.

Mihogo miwili, ile isiyo chungu.
Boga likiwapo.
Ijumaa ming'oko; hiyo anaishika kwa mikono miwili
kama mtoto aliyepewa andazi la moto.
Majani usimkatie upande wa Mnyambe,
wamepuliza salfa wiki hii, hata kisamvu kimekuwa cha manjano.

Na mfupa! Nenda kwa Likwembe buchani,
mwambie goti la ng'ombe, lililokauka,
ni la yule mgeni wangu, ataelewa.
Asipoguguna, meno yatarefuka
mpaka ashindwe kufunga mdomo,
na hapo mimi na wewe tutakuwa tumemuua kwa njaa
mbele ya chakula.

Sakafu ni saruji, usishangae gharama.
Nilianza na udongo.
Usiku mmoja akachimba, akatokea jikoni kwa mama Asumini,
na mama Asumini mpaka leo ananipa mkono wa kushoto.

Mguu wa nyuma usiuguse.
Nilimtega mimi. Sitaki uje kulisikia kisimani.
Waya wa breki ya baiskeli,
baada ya mashina thelathini na nane ya muhogo kwa usiku mmoja.
Nilikuwa nimetoka kumzika baba yako mkubwa,
na nilikuwa na hasira na kila kinachokula kisichopanda.
Nilikwenda na panga.
Nikamkuta anapiga chini mguu uliobaki,
ti, ti, ti,
miiba yote imesimama, mkia unachacharika
kama kibuyu chenye kokoto,
na waya umefika kwenye mfupa.
Panga nililitumia kukata waya.

Kibali cha bwana nyamapori kiko chini ya godoro,
bahasha ya kaki. Akija mpe asome.
Atakwambia mguu umepona, aachiwe.
Ameniambia mara tatu.
Mwambie mwenyewe hayupo.

Sasa hili la mwisho.
Saa nane za usiku utasikia mguu, ti, ti.
Huyo wa ndani.
Nyamaza. Utasikia mwingine, nyuma ya ukuta,
upande wa mkorosho uliopigwa na radi.
Usiwashe tochi. Usishike rungu,
nakujua, unaipenda nyama yake.
Huyo wa nje anakuja huu mwaka wa tatu.
Hajakosa hata masika.
Mwekee muhogo mmoja, nje, karibu na ukuta,
usimwambie mtu kwamba mama yako mkubwa
analisha wezi wawili.

Kuna tofali pale, la saba kutoka kona,
halina saruji. Nililipanga hivyo makusudi,
halafu kila jioni nikalipita
nikasema kesho, nyumba itakuwa kimya mno.

Ukiona korosho zinaokotwa na simu yangu haijaita,
tofali unalijua.

Chumvi iko kwenye kopo la kahawa.
Haya, nishikie mfuko. Honi hiyo.